Mjukuu yuko kwenye njano, nimpe kumbikumbi?

Mama mmoja wa Bwera kule Kasese, karibu kabisa na mpaka wa Mpondwe, ameniandikia hivi, nimelifupisha kidogo: "Niko na mjukuu wa miezi 14. Mama yake alienda kufanya kazi Uarabuni mtoto akiwa na miezi 9, tangu hapo hanyonyi. Anakula uji wa mahindi, obundu (ugali wa muhogo) na matoke. VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) alikuja na ule utepe wa kupimia mkono ukasoma 12.1, akasema ni njano. Jirani ananiambia nisage nsenene (wale panzi wa msimu) au kumbikumbi nimtilie kwenye uji, ati ndo nyama ya watoto. Ni kweli au ni maneno ya watu? Na tena baba yake ni Mganda wa ukoo wa Nsenene, wao hawali nsenene. Nifanyeje?"

Mama, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kumruhusu huyo VHT aingie na utepe wake manake kuna nyumba anafukuzwa ati anahesabu watoto wa watu. Jirani yako hajakudanganya. Wadudu ni chakula cha kweli kwa mtoto, na kwa huyu wako nachagua kumbikumbi, nitakwambia kwa nini. Ila kuna kitu kinatangulia kabla hujashika kinu.

Ni hiyo 12.1. Kwenye utepe, kuanzia sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu na hapo ndo utapiamlo mkali. Mjukuu wako amebakiza milimita 4 aingie kijani na milimita 6 aingie nyekundu. Milimita 6 ni kama unene wa penseli, malaria moja na kuhara kwa wiki vinaweza kuzimaliza zote. Kwa hiyo kesho mpeleke kituo cha afya, wampime uzito na urefu, wamwangalie damu na malaria, waone kadi yake ya chanjo. Ameshapita mwaka kwa hiyo anastahili dawa ya minyoo, na vitamini A kila baada ya miezi 6, kama zile siku za watoto za mwezi wa 4 na wa 10 zilimpita waambie tu wampe, hawatakukatalia. Mtoto mwenye minyoo na malaria unaweza kumtilia kumbikumbi sufuria nzima na bado asiongezeke.

Na leo jioni akiwa ametulia, mshike miguu yote miwili, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, hesabu mpaka tatu polepole, achia. Ngozi ikirudi, mshukuru Mungu. Likibaki shimo kama umebonyeza unga uliokandwa, miguu yote miwili, basi usingoje hata asubuhi na usijali utepe umesema rangi gani. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye wodi za lishe na hilo shimo dogo la kidole ndo naliona hata nikifumba macho. Mtoto uso umejaa, tumbo limejaa, nywele zimekuwa nyekundu nyekundu na laini, na nyumbani walikuwa wanafurahi kwamba ananenepa. Ugonjwa huo Baganda wanauita obwosi, wakasema inampata mtoto ambaye mama yake ameshika mimba nyingine kabla hajamaliza kunyonya. Ghana kule wana neno lao, kwashiorkor, ambalo madaktari wa dunia nzima wanalitumia mpaka leo, na lenyewe linahusu mtoto aliyeondolewa nafasi yake na anayemfuata. Watu wa mbali hivyo wakaona jambo moja, kwamba hatari inaanza siku ziwa linaondoka na hakuna kitu cha maana kinachokuja mahali pake. Wako hakuna mimba, kuna ndege ya kwenda Uarabuni, lakini kwa tumbo la mtoto ni kitu kile kile. Sikulaumu wewe wala binti yako, nataka tu tuelewane tunajaza pengo gani.

Angalia anachokula. Uji wa mahindi, obundu, matoke. Vyote vinashibisha na vyote ni vya jamii moja. Tumbo la mtoto wa umri huu linachukua kama mililita 30 kwa kila kilo ya mwili, tuseme ana kilo 8 basi ni mililita 240, hata chupa ya soda ya kioo ya 300 haimalizi. Sasa ukijaza hapo uji mwepesi unaomiminika, umejaza maji. Atanyamaza, atalala, na wewe utaamini amekula. Ndo maana upande wenu wa magharibi, wenye migomba na mvua na udongo mzuri, watoto wamedumaa kuliko sehemu zingine nyingi za nchi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta Uganda nzima asilimia 29 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, lakini ukanda wa Tooro ni kama asilimia 41. Njaa ya tumbo tupu haipo hapo. Kinachokosekana ni kile kitu kidogo cha kutia pembeni ya matoke, nyama, samaki, yai, maziwa, na utafiti huo huo ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 wana upungufu wa damu, asilimia 53.

Hapo ndo mdudu anaingia. Kumbikumbi mkavu, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta na zaidi ya theluthi ni protini. Nsenene vivyo hivyo, protini kama asilimia 35 hadi 45 na mafuta zaidi ya 40. Watu wakisifia wadudu wanataja protini tu, mimi kwa mtoto wa njano nafurahia mafuta kwanza, manake ndo yanaingiza nguvu nyingi kwenye kile kitumbo cha mililita 240 bila kuongeza ukubwa wa bakuli. Alafu kuna chuma na zinki, na kumbikumbi kwa chuma anamzidi nsenene mbali sana, ingawa sehemu ya hiyo chuma inaweza kuwa ni udongo wa kichuguu ulioshikilia, ndo maana nitasisitiza kuosha.

Lakini sitaki nikuuzie muujiza. Hawa wadudu wameshajaribiwa kwa watoto kweli kweli, na matokeo yake ni ya kufikiria. Hapo ng'ambo Kongo watafiti waliwapa watoto uji uliochanganywa na unga wa viwavi kuanzia miezi 6 mpaka 18, wakawalinganisha na waliokula kawaida, majibu yakatoka 2015. Kudumaa hakukupungua, pande zote mbili watoto walibaki wafupi karibu sawa. Ila damu, hapo kulikuwa na tofauti: waliokula viwavi wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 26, wenzao 50. Nusu nzima. Kenya nao wakajaribu mchanganyiko wa mchicha wa nafaka, mahindi, kumbikumbi asilimia 10 na dagaa kidogo, wakaulinganisha na ule unga wa msaada wa mahindi na soya uliotiwa vitamini kiwandani. Watoto walikua sawa, lakini safari hii waliokula kumbikumbi damu yao ikawa chini kuliko ya wenzao. Unaweza kuuliza, chuma si iko nyingi kwa kumbikumbi? Iko, ila nafaka nzima ina kitu kinachoikamata chuma tumboni isiingie kwenye damu, na mchanganyiko ule ulikuwa na nafaka nyingi sana. Mimi hapo najifunza mambo mawili, kwamba mdudu anasaidia akiwa na wenzake kwenye bakuli, na kwamba nafaka tunayomchanganyia inabidi tuifanyie kazi kwanza. Wakiga wanaloweka mtama na kuuchipusha kabla ya kusaga unga wa obushera, basi kile kimea ndo kinapunguza huyo mkamataji. Hekima hiyo tunayo tayari, tumeiacha kwa ajili ya unga mweupe wa dukani.

Sasa ukoo. Mtoto anafuata ukoo wa baba kwa hiyo huyu ni Nsenene, na nsenene ni mwiko wake wa ukoo, mtu wa ukoo wake hali. Wapo wenzangu wa lishe watakwambia hayo ni mambo ya zamani mpe tu. Mimi nasema mheshimu. Kesho bibi yake wa Buganda akija akakuta mtoto analishwa nsenene utaharibu undugu ambao mtoto atauhitaji maisha yake yote, na kwa faida gani, wakati kumbikumbi yuko na anafanya kazi ile ile? Kuna miiko mingine ambayo siiheshimu hata kidogo. Zamani Buganda wanawake ndo walikuwa wanakamata nsenene na kuzinyofoa mabawa usiku kucha, na kuzila hawaruhusiwi, ati watazaa mtoto mwenye kichwa kama cha nsenene. Mume anakula, mke anapata gomesi, lile gauni la Kiganda, ya kumshukuru. Yaani yule anayebeba mimba na kunyonyesha ndo ananyimwa chakula bora cha msimu. Huo umekufa na haunihuzunishi. Ila wa ukoo haumnyimi mtu kitu ambacho hana mbadala wake, kwa hiyo acha ukae. Waislamu nao huwa wananiuliza, nawaambia nsenene wengi wanaihesabu kwenye jamii ya nzige walioruhusiwa, kumbikumbi wanachuoni hawakubaliani, muulize shehe wako mimi si mtu wa fatwa.

Kumbikumbi unawajua mama, wanatoka mvua zikianza, kati ya mwezi wa 3 na wa 5 na tena kuanzia wa 9. Wako wanaotoka usiku ukawavuta kwa taa juu ya beseni la maji, na wako wa mchana ambao watu wanawadanganya kwa kupiga vijiti taratibu juu ya kichuguu, tap tap tap kama matone, wanafikiri ni mvua wanajitokeza. Sharti langu la kwanza ni kichuguu chenyewe. Kasese mnalima pamba, na pamba inapigwa dawa. Kichuguu kilicho ndani au kando ya shamba lililopigwa dawa, au ambacho mwenyewe amekimwagia sumu kwa sababu mchwa wanamlia mahindi, hicho usikiguse hata kama kimejaa. Ukinunua sokoni muulize muuzaji ametoa wapi, na kama hajui, nunua mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, urudi nyumbani. Mwaka 2020 nzige wa jangwani walipoingia Karamoja na Teso tuliwaambia watu hivi hivi, hao wamepigwa sumu wasiliwe, na watu wenye njaa walituelewa.

Namna ya kuwaandaa nilifundishwa na bibi mmoja wa Gulu, wao wanawaita ngwen, na sijaona njia bora kuliko yake. Alikuwa na beseni mbili. Wakiwa bado wazima anawamwaga kwenye maji safi, anakoroga kwa mkono, udongo unazama mabawa yanaelea, anawahamishia beseni la pili, anarudia mpaka maji yanabaki meupe, mara tatu hivi. Alafu anawachemsha, maji yachemke kweli kweli kwa dakika 5 hadi 10, hii hatua usiiruke kwa ajili ya mtoto manake mdudu ana vijidudu vya tumboni mwake. Anachuja, anawarudisha kwenye sufuria kavu juu ya sigiri yenye moto mdogo, bila mafuta, bila chumvi, anageuza kwa mwiko. Kwanza mvuke mwingi, baadae unasikia sauti inabadilika, inakuwa kama mchanga mkavu unakwaruza sufuria, na chini panang'aa mafuta yao wenyewe. Hapo anaepua, anawamwaga kwenye ungo, anapepeta, mabawa yanaruka yote kwenye upepo. Kinachobaki ni vitu vidogo vya rangi ya kahawia vinavyonukia kama karanga. Anawatwanga kwenye kinu kisha anachekecha kwa chujio la unga, laini ya mtoto, yale makapi ya juu anatia kwenye mboga ya wakubwa. Hayo makapi ni ganda gumu la mdudu na vimiguu, tumbo la mtoto haliyawezi vizuri na pia yanakwama kooni. Mtoto chini ya miaka 3 usimpe mdudu mzima mkononi, awe kumbikumbi awe nsenene, hata kama anamlilia.

Chumvi nimesema hapana na narudia, wale wa kukaanga wa sokoni wana chumvi na vitunguu vya kumpendeza mnywaji wa bia, si wa mtoto wa miezi 14.

Kuna kosa langu hapa ambalo nataka ulijue. Miaka ya nyuma nilikuwa nafundisha kina mama wasage zote mara moja waweke unga kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Mama mmoja alinirudishia unga wake baada ya wiki tano, akafungua kavera mezani bila kusema neno, harufu ikatoka kama rangi ya mlango iliyokaa, mafuta yamechacha yote, na kwenye kona ya kavera kulikuwa na ukungu wa kijivu. Alikuwa ameendelea kumpa mtoto mpaka mtoto akakataa mwenyewe. Nilijisikia vibaya sana, manake yeye alifanya kile nilichomwambia. Unga wenye mafuta nusu ni sawa na karanga iliyosagwa, hewa na mwanga vinauharibu upesi, na unyevu ukiingia kuna ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini ambayo ukiipika haiishi. Kwa hiyo sasa nasema hivi: wahifadhi wakiwa wazima bila kutwangwa na wakavu kabisa, wakivunjika kwa kidole kwa sauti, kwenye chupa ya kioo au kopo lenye mfuniko wa kubana, mahali pa giza na pakavu, na utwange wa wiki moja tu kila mara. Siku ya jua watoe uwaanike chini ya neti masaa machache. Harufu ikibadilika mwaga, usimpe hata kuku.

Na hapa mama ndo kiini cha jibu langu lote, kwa sababu hapa ndo watu wanaangukia. Msimu wa kumbikumbi unakaa wiki chache. Familia inakula usiku na mchana, mtoto anapata vijiko kumi siku tatu alafu hapati tena mpaka mvua nyingine. Hiyo kwake ni sikukuu, na mwili wake haujengwi na sikukuu. Mtoto anajengwa na kijiko kimoja kila siku. Piga hesabu nami: kijiko kikubwa kimoja cha unga ni kama gramu 10, kinatoa protini kama gramu 4, na mtoto wa kilo 8 au 9 anahitaji kama gramu 10 kwa siku, kwa hiyo umemaliza zaidi ya theluthi kwa kijiko kimoja. Kwa mwezi ni gramu 300. Mpaka afikishe miaka 2 ni miezi 10, yaani kilo 3 kavu, na mbichi ni nyingi zaidi ya hizo. Huwezi kupata zote, najua. Ndo maana nakwambia mvua zikija, kabla familia haijaanza kutafuna, toa fungu la mtoto kwanza, likaushe, lifunge, liandike jina lake. Na siku zingine tumia mukene, tena nunua ile iliyoanikwa juu ya neti au mbao, hii ya kuanikwa mchangani utamlisha mchanga, toa vichwa, ichambue, oka kidogo, twanga, chekecha, kijiko kimoja vile vile. Kumbikumbi leo, mukene kesho, yai keshokutwa ukilipata. Hapo ndo inakuwa kitobero ile tuliyofundishwa na Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago, chakula cha kuchanganya, kimoja cha nguvu, kimoja cha kujenga na kimoja cha majani.

Bakuli lake liwe hivi. Chukua unga wa ulezi au mtama uliochipushwa, kama ni mahindi basi changanya na ulezi, pika uji mzito ambao ukiinamisha kijiko hauteremki mbio. Dakika tano za mwisho tia kijiko cha kumbikumbi na kijiko cha karanga iliyosagwa, koroga. Ukipoa kidogo ponda kipande cha ovakado, nyie Kasese hamna shida nayo, na ukamulie chungwa au pasheni, hiyo ndo inafungua mlango wa chuma kuingia kwenye damu. Mchana ni matoke au obundu iliyolainishwa na mchuzi wa sombe (majani ya muhogo) au dodo (mchicha) iliyokatwa ndogo sana, na unga wako unaweza kuingia hapo badala ya kwenye uji. Chai usimpe kabisa, wala ya rangi wala ya maziwa, inaufunga ule mlango. Kwa sababu hanyonyi anahitaji kula mara 4 mpaka 5 kwa siku, na kikombe cha maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, asubuhi na jioni ukiweza. Sijui binti yako anatuma nini kutoka huko lakini akiuliza mtoto anataka nini, mwambie maziwa na mayai, nguo nzuri zitakuja akishapanda kijani.

Kuanza anza kidogo. Nusu kijiko cha chai mara moja kwa siku, siku tatu, mchana si usiku, ili umwone. Mtu anayedhurika na kaa au kamba wa baharini anaweza kudhurika na wadudu pia, ni jamaa. Ukiona vipele vya kuwasha, midomo inavimba, anatapika tapika au kifua kinapiga filimbi, acha na umkimbize kituo. Kama kimya, panda kijiko cha chai kizima siku zingine tatu, baadae kijiko kikubwa, na usivuke hapo, zaidi haimsaidii zaidi. Na kama kituo watakupa zile paketi za karanga za matibabu, hizo ni dawa mama, anazimaliza yeye peke yake kama walivyokuandikia, hazigawiwi kwa binamu, na kumbikumbi haichukui nafasi yake. Anakula paketi kwanza, chakula cha nyumbani baadae.

Wengine mnaosoma ambao hamna huo mwiko wa ukoo, nsenene zinaandaliwa kwa njia ile ile, mnatoa mabawa, miguu na pembe ndefu za kichwani kwanza. Zinakuja mwezi wa 11, si ndo Baganda wakauita mwezi wenyewe Musenene, na tena kidogo kati ya wa 4 na wa 5. Mtihani wa nsenene ni biashara. Ukienda upande wa Masaka usiku wa msimu utaona mataa makali kama uwanja wa mpira, mabati yamesimamishwa, moshi, mapipa chini, nsenene zinateleza kwenye bati zinaingia pipani. Ni pesa ya watu wengi na siipingi. Ila zikishalala kwenye pipa au gunia usiku mzima zikafa na kupata joto zinaanza kuoza, na pamoja nazo kwenye taa wanakuja wadudu wengine, akiwemo yule mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi, nairobi flai, anayechoma ngozi. Kwa hiyo kwa mtoto chagua zilizo hai, za asubuhi hiyo hiyo, uzipange kwenye ungo utoe kila kisicho nsenene. Na bei, mtanisamehe, bei si ya mtoto wa maskini. Utafiti uliochapishwa 2008 kwenye masoko ya Uganda ya kati ulikuta bei ya kilo ya nsenene inazidi ya kilo ya nyama ya ng'ombe. Mama mwenye pesa ya kikombe kimoja cha nsenene akiniuliza, namwambia nunua mukene nyingi na mayai, nsenene kula zile mtoto wa jirani amekamata kwenye taa ya barabarani.

Kuna wanaofuga nyenje siku hizi, kwenye maboksi na trei za mayai, wanakomaa kwa kama miezi miwili na hawangoji mvua, na hilo ndo linanipa matumaini maana linaondoa shida ya msimu. Ukisikia kikundi karibu yako nenda ukaone, ila usianze ufugaji leo kwa ajili ya mtoto ambaye yuko njano leo.

Mama, kituo wakimpima kesho waambie wakuandikie namba kwenye kadi, si rangi tu, uzito, urefu na mkono. Baada ya wiki mbili mwite VHT apime tena, mkono ule ule wa kushoto, mtoto akiwa ametulia. Kama imeshuka chini ya 12.1 hata kwa milimita moja, mrudishe kituo siku hiyo hiyo. Kama imesimama, niandikie uniambie amekula mara ngapi kwa siku na uji unateremka vipi kwenye kijiko, tutarekebisha. Na kama imepanda niandikie pia, namba nitaisubiri.